Waliochota Maji Ndio Waliojua

Tafakari ya juma: Yohana 2:1–11; Warumi 14:13–21

Mabibo yameanza kudondoka. Kuanzia Naipanga hadi Mnacho, chini ya mikorosho kumeshafagiliwa, na alfajiri akina mama na watoto wako shambani wameinama wanaokota. Korosho inanyofolewa na kutupwa ndooni, bibo linabaki lundo pembeni. Korosho njia yake inajulikana: chama cha msingi, ghala, mnada wa chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, kisha mjadala wa bei unaoendelea mpaka Krismasi. Bibo halina stakabadhi wala mnada. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele wamefundisha vikundi kutengeneza juisi na jemu ya mabibo, na kazi hiyo ni njema, lakini vijijini kwetu wengi hawana mashine, hawana chupa, hawana friji. Tunda lenyewe lina siku moja, mbili likibahatika, kabla ya kuoza na kujaa nzi. Kwa hiyo linaingia kwenye kinu, na kesho yake ni uraka.

Msimu huu mimbari zetu nazo huwa na zao lake. Tunamtaja Nuhu alivyolala uchi hemani. Tunamtaja Paulo alivyowaonya Waefeso. Tunanyoosha kidole kuelekea vilabuni, na waumini wanaitikia amina, hasa wale tuliowaona huko jana yake. Kisha kikapu cha sadaka kinapita. Ibada ikiisha wazee wa kanisa wanahesabu, na sijawahi kusikia hata mmoja akiuliza kama noti hii ni ya korosho au ni ya uraka. Noti ni noti. Nadhani mkiondoa fedha ya bibo kwenye sadaka za Oktoba hadi Desemba, wachungaji kadhaa wa Nachingwea na Ruangwa watafunga saumu ambayo haikutangazwa.

Anayekunywa ameshahubiriwa vya kutosha, na hata leo nitafika kwake. Ila nataka kwanza tumtazame anayepika.

Kwa wanaoujua uraka kwa kuusikia tu, kazi yake iko hivi. Mabibo yaliyoiva, mekundu na ya njano, yanaoshwa mchanga, yanapondwapondwa kinuni, halafu yanakamuliwa. Wengine wanakamua kwa mikono, wengine wanayafunga kwenye mfuko wa sandarusi na kuulalia kwa jiwe. Maji yanayotoka ni matamu lakini yanakwaruza koo, na tone moja likikuangukia kwenye nguo nyeupe, nguo hiyo umeiaga. Doa la bibo halisikii sabuni. Hamira haitiwi. Chachu imekuja na tunda kutoka mtini, iko kwenye ganda. Kazi ya mama ni kupata chombo kisicho na harufu ya jana, kuchuja mara mbili, kufunika kwa kitambaa na kujua saa ya kufunua. Jioni ya siku ya kwanza bado ni juisi yenye povu jembamba ukingoni. Kesho yake asubuhi inachemka bila moto. Ukitega sikio unaisikia ikinong'ona ndani ya ndoo. Jioni hiyo ndiyo yenyewe, kileo chake kiasi cha bia. Siku ya tatu imeanza kuelekea kwenye siki, na hapo bei inashuka.

Pombe ya mtama ina jasho zaidi. Mtama unalowekwa, unafunikwa uote, unaanikwa, unasagwa kuwa kimea. Unapikwa uji mkubwa, unapoa, kimea kinaingia, inangojwa, inarudishwa motoni, inangojwa tena. Kila hatua inadai maji na kuni, na vyote viwili huja kichwani mwa mtu. Wazee wa Kimwera wanasimulia jinsi shamba la mtu lilivyolimwa na majirani kwa siku moja, mtungi ukiwangoja kwenye kivuli, na jinsi ngoma ya jando au ya unyago isivyoweza kulia bila mtungi huo. Mwanamume alikaa akanywa na kutoa nasaha. Aliyeamka usiku kuangalia kama imeumuka alikuwa mwanamke.

Wakati fulani tulipata mgeni kutoka Uingereza, mzee mpole wa Yorkshire, aliyekuja kuona mahali baba yake alipoendesha trekta enzi za mpango wa karanga. Baada ya ibada alikaa na akina mama chini ya mwembe, mimi nikiwa mkalimani, na mazungumzo yakafika kwenye pombe kwa sababu mzee huyu naye ni mpishi. Anapika jikoni kwake. Kule kwao kuna bia iitwayo Landlord, ya kampuni ya Timothy Taylor katika mji wa Keighley, iliyoanza miaka ya mwanzo ya 1950. Ni ya jamii wanayoiita bita: rangi ya chai isiyo na maziwa, povu si jingi, uchungu kidogo unaotokana na maua ya mmea wa hopi, na kileo cha asilimia 4 na ushei. Haiwekwi baridi kali. Inakaa kwenye pipa chini ya baa ikiwa bado hai, chachu inaendelea kufanya kazi humo humo, na pipa likishafunguliwa lina siku chache tu. Akina mama walitazamana. Kitu chenye siku chache wanakifahamu.

Mzee huyo anajaribu kuiiga bia hiyo nyumbani. Ananunua kimea cha shayiri aina ya Golden Promise, anakiloweka saa nzima kwenye maji ya nyuzijoto 66 hivi mpaka utamu wote utoke, anachuja, anachemsha maji hayo saa nyingine pamoja na hopi za Fuggle na Golding, anayapoza haraka, anatia hamira, anafunika. Baada ya juma moja au zaidi kidogo anajaza kwenye chupa pamoja na sukari kidogo ili ipate gesi, halafu anangoja tena. Ameifanya miaka mingi na bado anasema haijawa kama ile ya baa. Alizungumza kwa furaha ya mtoto aliyetengeneza gari la waya.

Mama mmoja wa kwaya akauliza kimea chake anakiotesha siku ngapi. Nikatafsiri. Mzee akajibu kwamba kimea anakinunua tayari. Wakacheka sana, kwa ukarimu lakini sana. Kuotesha ndiyo kazi yenyewe! Mwingine akauliza kikombe anauza shilingi ngapi. Mzee akaeleza kwamba hauzi. Zamani kwao hata kupika nyumbani kulihitaji leseni; mwaka 1963 serikali ikaondoa sharti hilo, na tangu hapo mtu anaweza kupika atakavyo kwa matumizi yake, mradi asiuze. Anapikia nyumba yake, na majirani wakija anawakaribisha. Yule mama akakaa kimya akilipima jambo hilo, kisha akamwinamia kwa heshima: "Sasa, baba, ada za watoto unalipa na nini?"

Mzee ana pensheni. Ada zake zilikwisha zamani, na pombe kwake ni mapumziko ya jioni za baridi, jambo ambalo simwonei gere. Lakini swali la mama yule lilikuwa limekusanya vitu ambavyo mahubiri yetu yanavitenganisha: mtungi na daftari la shule. Uraka kwetu haupikwi na mtu aliyekosa kazi ya kufanya. Unapikwa na mtu ambaye mikorosho ni ya mumewe, jina kwenye chama cha msingi ni la mumewe, malipo ya mnada yanaingia kwenye akaunti ya mumewe, na kitu pekee shambani ambacho hakuna anayemgombeza akikichukua ni bibo. Na tusisahau kwamba siku hizi sekondari za serikali hazina ada, lakini bado zina sare, madaftari, michango na nauli.

Nirudi kidogo kwa baba wa yule mzee. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Tanganyika na nchi jirani kwa wiki tisa, sehemu kubwa ukitazama kutoka angani, ukaona pori linalofaa kwa karanga. Mwaka uliofuata kazi ikaanza Kongwa, kisha Urambo na hapa Nachingwea, ili Waingereza waliotoka vitani wapate mafuta ya kupikia. Matrekta yakaletwa, bandari ya Mtwara ikaanza kujengwa, reli ikafika mpaka hapa mjini. Mwanzoni mwa 1951 mpango ukafutwa, zikiwa zimezama kama pauni milioni 36. Reli nayo ikafungwa muda mfupi baada ya uhuru. Tuna kata inayoitwa Stesheni ambayo watoto wake hawajawahi kusikia honi ya garimoshi. Wasomi wameandika sababu nyingi za anguko lile: udongo, mvua, vipuri, haraka. Kuna moja ambayo mchungaji anaruhusiwa kuongeza. Walikuwepo hapa watu, wengi wao wanawake, waliokuwa wakilima karanga kwa jembe la mkono na kujua mvua ya mahali hapa inavyokuja. Mpango haukuanza kwa kuwauliza.

Sasa twende Kana.

Mabalasi sita ya mawe, kila moja likichukua nzio mbili au tatu. Kwa vipimo vyetu hayo ni kati ya lita 480 na 720 hivi, yaani madumu ya lita 20 kati ya 24 na 36. Tunapousoma muujiza huu mawazo yetu hukimbilia divai. Anayeishi Ruangwa akumbuke kisima mwezi wa Oktoba, mvua ikiwa bado mbali, kisha aisome upya ile amri ya kujaza mabalasi maji. Yohana anaongeza kwamba waliyajaza mpaka juu. Hiyo ni kazi ya watu wengi, kwenda na kurudi, wakati wageni wamekaa na ngoma inalia. Wala hawakuambiwa ni ya nini. Divai imekwisha, aibu imekaribia mlangoni, na wao wanaambiwa wakachote maji ya kunawia.

Kisha mkuu wa meza anaonja. Anashangaa, anamwita bwana arusi, anampongeza kwa kuweka divai njema mpaka mwisho. Bwana arusi hajafanya lolote! Yawezekana alikuwa bado anatafuta maneno ya kuomba radhi. Na hapo katikati Yohana anachomeka sentensi ambayo wengi tunaipita kama gari linavyopita kituo kisicho na abiria: mkuu wa meza hakujua divai imetoka wapi, lakini watumishi waliochota maji walijua. Karamu nzima ilikunywa muujiza bila kuujua. Waliojua ni waliokuwa na mabega yaliyolowa.

Hawakupewa shukrani yoyote katika habari hiyo. Mama yake Yesu alizungumza nao, Yesu alizungumza nao, mkuu wa meza alizungumza na bwana arusi. Tunao msemo wetu kuhusu mgema: akisifiwa, tembo hulitia maji. Tunautumia kuwaonya watu wasilewe sifa. Kwa wapikaji wetu onyo hilo halina kazi, maana sijui ni lini tuliwahi kuwajaribu kwa kuwasifu.

Ninachosema sasa nimekiona, wala si mwaka huu tu. Msimu wa mabibo kuna akina mama ambao hawaji kupokea. Wako kanisani, wamekaa benchi za nyuma karibu na mlango, kanga zimefungwa vizuri. Ukifika wakati wa kuikaribia Meza ya Bwana, mmoja anainama kumtengeneza mtoto ambaye hana tatizo lolote. Mwingine anatoka kama anayetafuta upepo. Mwezi wa Januari, mabibo yakiwa yamekwisha, wanarudi mbele kwenye mstari. Hakuna aliyewafungia. Hakuna barua ya mtaa wala uamuzi wa halmashauri. Wamejifungia wenyewe kwa kutusikiliza sisi.

Wakati huo huo, mkononi mwangu nina kikombe cha divai. Mara nyingi ni ya Dodoma. Kuna mtu alipogoa mzabibu wake, akavuna, akaponda, akaweka kwenye chombo safi, akafunika, akangoja chachu ifanye kazi aliyoipa Mungu. Hatujawahi kuuliza kama mtu huyo anapokea Ekaristi. Tunamshukuru Mungu kwa tunda la mzabibu na kazi ya mikono ya wanadamu, halafu mikono ya namna ile ile, iliyochorwa madoa ya bibo, inakaa nyuma karibu na mlango.

Kanisa la Masasi si geni katika mambo haya. Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, alikuta jando ambalo wamisionari wengi wangetaka lizikwe. Yeye hakulizika. Aliliingiza kanisani, likawa na padri, sala na mafundisho ya Kikristo ndani yake, na wazee wa kijiji wakawa na nafasi. Wapo waliomshambulia kwa hilo wakati wake, na wapo wanaobishana juu yake hadi leo. Mimi namheshimu kwa jambo moja la msingi: kabla ya kutoa hukumu alikwenda kukaa na wenye jambo lao. Sina hakika kama tumefanya hivyo kwa mtungi. Tumeutazama kutoka angani.

Baada ya kusema hayo, yapo mengine ambayo lazima niyaseme, na wapikaji wenyewe ndio walionifundisha kuyaona. Mwanamume anakuja klabuni asubuhi, shati lake limevimba mfukoni. Hana fedha, ana korosho ambazo bado hazijafika mizani. Anahesabiwa kikombe kwa viganja viwili vya korosho, na bei ya viganja hivyo anaijua mwenye kikombe. Hiyo ni kangomba, yaani kununua korosho kwa magendo, hata kama imefanyika chini ya mwembe, na mara nyingi anayeibiwa ni mke wa mnywaji, ambaye naye huenda anauza uraka kijiji cha pili. Nimeona kijana wa shule ya msingi akitumwa na kibuyu, akionja njiani. Nimezika watu ambao ini lao lilikwisha kabla ya umri wao. Habakuki alimwonya mtu anayemnywesha jirani yake ili amwaibishe, na onyo hilo halikuwekwa kwa ajili ya wafalme wa Babeli peke yao. Mama anayeendelea kumjazia kikombe mtu asiyeweza tena kutamka jina lake, kwa sababu mfukoni bado zimebaki korosho, amelisikia neno la Habakuki, na simwondolei.

Na kuna gongo. Uraka uliokwisha kuchacha ni vigumu kuutupa. Pipa la bati lipo, kuni zipo, bomba linapitishwa kwenye maji baridi, na kinachodondoka upande wa pili kinawaka ukikiwashia kiberiti. Sheria ya mwaka 1966 inakiita moshi na kukataza kukitengeneza bila leseni. Hapo niko upande wa sheria bila kusitasita. Bita ya yule mzee na uraka wa siku ya pili ni vinywaji ambavyo mtu anaweza kukaa navyo akizungumza na mwenzake mpaka jua lizame, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Gongo halina mazungumzo. Na halina anayelipima: Novemba 2000, Nairobi, pombe iliyochanganywa na methanoli iliua watu zaidi ya 100 kwa siku chache, na wengine wakapofuka. Wenzetu wa Goa, India, wanakeneka mabibo haya haya na kupata kinywaji kiitwacho feni, ambacho tangu 2009 jina lake linalindwa kisheria, kinatengenezwa kwa leseni na kuuzwa kwenye chupa. Labda siku moja wataalamu wetu watatufikisha huko. Kwa sasa pipa la bati nyuma ya nyumba ni hatari kwa anayepika, kwa anayekunywa na kwa watoto waliolala chumba cha pili.

Mnakumbuka viroba. Ni ndugu Kassim Majaliwa, wakati huo mbunge wa Ruangwa na Waziri Mkuu, aliyetangaza Februari 2017 kwamba kuanzia Machi 1 pombe ya kwenye vifuko vya plastiki ni marufuku, na mitaro yetu ikapumua. Ulikuwa uamuzi mzuri. Ila kiu haikupigwa marufuku, wala njaa ya ada.

Sasa Paulo, katika Warumi sura ya 14. Maneno yake naona yanatufaa kuliko yote, kwa sababu anazungumza na watu wanaoishi pamoja huku wengine wanakunywa na wengine hawanywi. Hasemi divai ni najisi. Anasema wazi kwamba hakuna kitu kilicho najisi kwa asili yake. Kisha anasema ni heri kuiacha kama inamkwaza ndugu. Nachingwea na Ruangwa majirani zetu wengi ni Waislamu. Wao hawanywi, wala hawahitaji ufafanuzi wetu wa Kana. Mtungi uliowekwa kando ya njia ya msikitini saa ya sala unamdharau jirani, na ukiwekwa hapo mwezi wa Ramadhani unamdharau zaidi. Wapo pia ndugu zetu Wakristo walioacha pombe kwa machozi, ambao harufu tu ya uraka inawavuta kama kamba. Yeremia sura ya 35 inawasimulia Warekabu, ukoo ambao baba yao aliwaagiza wasinywe divai, nao wakakataa hata walipowekewa vikombe mbele yao ndani ya nyumba ya Bwana. Mungu aliwasifu. Hakuwalazimisha Waisraeli wengine kuwa Warekabu, lakini aliwataka wajifunze uaminifu kwao. Anayeacha asimdharau anayekunywa kwa kiasi, na anayekunywa kwa kiasi asimcheke anayeacha. Kwenye arusi zetu, chupa ya maji ya kunywa ifike mezani mapema kama vinavyofika vingine, bila mtu kulazimika kujieleza.

Yesu mwenyewe alilalamika kwamba hawakumpokea Yohana Mbatizaji kwa sababu hali wala hanywi, wala hawakumpokea yeye kwa sababu anakula na kunywa. Kelele za kikombe zinaweza kutuzuia kumwona mtu aliyekishika, na zaidi aliyekijaza.

Kwa hiyo nimezungumza na wazee wa kanisa. Jumamosi ijayo saa tisa alasiri tutakutana na akina mama wapikaji, Wakristo na wasio Wakristo, kwenye banda la kanisa. Hatutakwenda na hotuba. Tunataka kuzungumza saa ya kufunga, ambayo sheria ya vileo ya mwaka 1968 ilishaigusa lakini vijijini inasahaulika. Kutomuuzia mtoto hata kama ametumwa na babu yake. Kutopokea korosho badala ya fedha. Na uraka wa siku ya tatu upelekwe wapi ili usiishie kwenye bati. Wanaume wenye mashamba wanaalikwa pia, maana kuna swali la jina kwenye daftari la chama cha msingi ambalo akina mama hawawezi kulijibu peke yao. Wale wa benchi za nyuma nitawapitia nyumbani mmoja mmoja kabla ya Jumapili, na sitakuja kuuliza kuhusu mtungi.

Wao pia wana ajenda. Mmoja ameshaniletea yake mapema: anataka kujua kama sadaka ya msimu uliopita inaweza kununua mashine ya kukamulia na chupa za kuanzia, kwa kuwa sehemu ya fedha hiyo, kwa maneno yake, ilitoka kwenye ndoo yake. Nimemwomba mweka hazina aje na daftari.